Gari la Mwalimu, Kila Jumamosi

Alikuwa akielekeza London kwa mitaa ya Unguja. "Hapo kwenye taa, kata kama unatoka Darajani kwenda Mlandege," atakwambia, na wewe uko Kilburn, mvua inapiga kioo, basi la ghorofa limekukalia mgongoni, na huna hata nafasi ya kujiuliza Mlandege iko upande gani. Mtu aliyekulia mjini alikata bila kufikiri, mikono ikakumbuka yenyewe. Mtu wa shamba, au wa Pemba, au wa bara, alisimama katikati ya njia akapigiwa honi na nusu ya Kilburn. Mwalimu hakukasirika. Alikanyaga breki yake ya upande wa abiria, akasubiri honi zimalizike, kisha akasema kwa upole, "Haya. Kulia, basi."

Mimi ni mtoto wa mjini, na bado nilibishana naye. Nilizaliwa baada ya Mapinduzi, na mji alioubeba yeye kichwani ulikuwa wa kabla. Siku moja aliniambia nipite nyuma ya duka la kanga la Mkunazini. Nikamwambia duka hilo sijapata kuliona, hapo mimi nimekuta tawi la chama. Tulipita taa mbili.

"Basi pita nyuma ya tawi la chama," alisema. "Gari halijui tofauti."

Sote tulimwita Mwalimu, na kama alikuwa na jina jingine, halikutumika mbele yangu kwa miaka yote niliyomjua. Alikuwa mwembamba, mrefu kuliko gari lake, hata ilimbidi akae ameinamisha shingo kidogo kama mtu anayesikiliza. Gari lenyewe lilikuwa dogo, rangi ya maziwa, cheti chake cha kijani cha ualimu wa udereva kimebandikwa kwenye kioo cha mbele. Juu ya dashibodi aliweka kikombe kidogo cha kahawa, kimejaa nusu. Ukifunga breki kwa pupa kahawa ikamwagika, hakukugombeza. Alitoa kitambaa mfukoni akakupa, ufute mwenyewe.

Nilifika kwake kwa sababu ya barua. Nilikuja London na leseni yangu ya nyumbani katika mfuko wa ngozi alionishonea mama, na miaka minne ya kuendesha gari la skuli bila kukwaruza hata kuku. Nikajaza fomu, nikaipeleka leseni kwa posta, nikiamini itarudi imegeuka ya Kiingereza. Wiki ile ile jirani yetu wa chini, kijana wa Mombasa, naye alipeleka yake. Yake ikarudi imegeuka. Alipanda ngazi mbili mbili kuja kutuonyesha, akaiinua kwenye taa ya jikoni kama daktari anayetazama picha ya mifupa. Yangu ilirudi vile vile ilivyokwenda, na barua. Wakati ule Kenya ilikuwemo kwenye orodha yao ya nchi ambazo leseni zake hubadilishwa kwa fomu tu. Sisi hatukuwemo.

Nakiri nilimchukia kijana yule kwa muda wa majira mawili. Ng'ambo ya mpaka tu, bahari ile ile, samaki wale wale, na yeye anapita mlangoni kwetu akizungusha ufunguo kidoleni.

Barua hiyo nilimpelekea Mwalimu, maana watu walisema barua za magari apelekewe yeye. Aliisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. "Bwana," alisema, "wanakwambia hii yako utaendeshea mwaka mmoja. Baada ya hapo uanze alifu, kwa leseni ya kujifunzia, na mtihani." Nikamwambia mimi si mwanafunzi. Akasema hata yeye alikuja na leseni ya Unguja, iliyotolewa na Waingereza wenyewe, na walimwambia hivyo hivyo.

Nilikuwa na sababu ya haraka. Kituo kimoja cha kulelea wazee mchana, upande wa Willesden, kilitaka mtu wa kuendesha basi dogo la kuwachukua wazee majumbani. Walinipenda. Waliniambia kazi ni yako ukileta leseni ya hapa. Mimi wakati huo nilikuwa nikisukuma magari ya nguo chafu kwenye dobi la hospitali, na mke wangu akisafisha wodi ghorofa mbili juu yangu.

Somo kubwa la Mwalimu lilikuwa mkono. Nyumbani, mtu akitaka kuvuka, unasimama, unampungia apite, na akishapita unampigia honi ndogo ya asante. Usipofanya hivyo watu watasema huyu mtoto wa nani. Hapa ni kosa. Mwalimu mwenyewe alianguka mitihani mitatu kwa kosa hilo, na alikuwa akisimulia bila aibu. Mtihani wa kwanza aliwapungia watu wanane. Alipofika mwisho akamuuliza mtahini kosa lake ni nini, na yule bwana akanyanyua mkono wake mwenyewe, akaupunga kidogo hewani, akaandika.

"Ukimpungia mtu, umempa dhamana," aliniambia. "Umemwambia njia salama. Na wewe gari linalokuja upande wa pili hulioni. Simama tu, uweke mikono yako kwenye usukani, yeye atazame mwenyewe. Adabu yako isije ikamuua mtu."

Nilimsikia, na mtihani wangu wa kwanza nilianguka kwa hilo hilo. Alikuwepo mama na kigari cha mtoto, kwenye kona. Nilisimama, nikampungia, akavuka, akageuka akanichekea. Honi ikapigwa na mkono wangu kabla sijajua. Mtahini akaruka kwenye kiti.

Lakini huyo huyo Mwalimu, akishuka garini, alikuwa mikono tu. Kutoka kituo cha treni hadi duka la nyama ni mwendo wa dakika tano, na yeye ulimchukua nusu saa, kwa kupungia, kupeana mikono, kushika mabega, kuuliza habari za watu waliokufa zamani na kujibiwa. Na hakupenda gari. Huo ndio ukweli wake wa ajabu. Jumapili alilifunika kwa turubai akatembea kwa miguu mpaka Neasden, kwa bibi mmoja wa Kihindi aliyelelewa Unguja, aliyejifunza kuendesha kwake akiwa na miaka sitini ili ajipeleke mwenyewe hekaluni. Bibi huyo alifaulu mara ya kwanza. Nilisikia habari zake mara nyingi mno. Kila nilipochelewa kubadilisha gia, Mwalimu aliguna, "Bibi wa Neasden gia ya tatu alikuwa akiingiza anasimulia mapishi."

Kwa aliyefaulu Mwalimu alikuwa na desturi yake. Mtihani ukiisha, Mwalimu alimpa zile herufi nyekundu za mwanafunzi azing'oe mwenyewe mbele na nyuma, kisha akamnyang'anya ufunguo. "Rudi kwa miguu," alimwambia. "Leo una furaha, hutatazama vioo." Kilburn nzima ilijua kuwa ukimwona Mswahili anatembea peke yake huku anacheka, na mvua inamnyeshea, huyo amepata leseni.

Mimi aliniita bwana. Akinitania, bwana mwandishi. Na mke wangu, Mwalimu alimwita mwanangu.

Mke wangu ni wa Wete, na mpaka tunakuja London hakuwa amegusa usukani wa kitu chochote isipokuwa cherehani. Nilipoanguka ule mtihani wa kwanza, alisema kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi, "Na mie nijaribu?" Nilicheka, nikasema jaribu. Basi ikawa kila Jumamosi mimi nina saa yangu, na yeye ana saa yake baada ya yangu. Mimi nashuka, yeye anapanda. Kiti nilichokipasha moto mimi anakikalia yeye.

Kwake Mwalimu aliacha mitaa ya Unguja, maana mke wangu hakuijua. Alimwambia kushoto na kulia, kwa Kiswahili cha kawaida, polepole. Nilidhani ananidharau mimi kwa kunipa ramani ya wafu, au anampendelea yeye kwa kumpa njia iliyonyooka. Nilisimama dirishani. Lile gari la rangi ya maziwa lilifika kwenye kona, likawasha taa ya kushoto, likamezwa. Saa nzima. Aliporudi uso wake ulikuwa umelainika, kama mtu aliyeamka usingizini mchana na kukuta hana la kufanya. Uso huo mimi sikuwahi kuupata kwake tangu tufike Uingereza.

"Mlikuwa mkizungumza nini?" nilimuuliza.

"Gari," alisema.

Wakati huo nilikuwa naandika kitabu changu cha kwanza kwenye meza ya jikoni, na nisiwe mnafiki, maneno yake mazuri mengi yalikuwa ya mke wangu. Alikuwa akisema jambo huku anakatakata vitunguu, mimi naliandika. Ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilijiambia kuna saa moja nzima kila wiki inayokwenda kwa mwanamume mwingine. Yote anayoniachia mimi ni makombo, na yeye Mwalimu, ambaye hata hajui kuandika zaidi ya fomu, anapewa mkate mzima. Nilimwonea wivu mzee mwenye umri wa baba yangu, na nilimwonea kwa bidii, kama kazi ya pili.

Jumamosi moja niliwafuata. Walikata kushoto, nami nikakata uchochoro. Mtaa wa tatu, ubavuni mwa ukuta wa makaburi, nikaliona gari limeegeshwa, limezimwa. Nilijibanza nyuma ya kibanda cha simu. Wamekaa bega kwa bega, nyuso mbele. Vioo vilikuwa vimeingia ukungu, sikuweza kuona midomo. Nilisimama pale dakika zinazotosha kuchemshia chai, kisha nikarudi nyumbani na hadithi kamili kichwani, mwanzo mpaka mwisho, na ndani yake hamkuwa na mstari hata mmoja niliousikia.

Jioni nilimuuliza kama siku hizi watu husomeshwa gari lililozimwa. Alikuwa akishona kifungo cha koti langu. Alinitazama kwa muda, kama mtu anayechagua aseme lipi na lipi aliache.

"Tulikuwa tumeegesha," alisema, na akauma uzi.

Alifaulu mara ya kwanza. Mimi, wiki mbili kabla yake, nilianguka mara ya pili, kwa kosa jingine: nilikwenda polepole mno, nikasimama penye njia tupu, kwa hofu ya mikono yangu mwenyewe. Na mwaka wangu ulikuwa umeisha. Kituo cha wazee kikasema hakiwezi kungoja, na mke wangu, bila kuniuliza, akaenda kuwaonyesha leseni yake. Wakampa basi. Jumatatu ya kwanza nilimwona akipita mbele ya hospitali, juu kwenye kile kiti kirefu, nyuma yake vichwa vyeupe sita, mikono yake yote miwili kwenye usukani. Niliinamia gari langu la shuka.

Na siku aliyofaulu, Mwalimu hakumwacha arudi peke yake kwa miguu kama wengine. Alilifunga gari akatembea naye mpaka mlangoni petu, mwendo mrefu, wote wawili kimya. Niliwaona wakija. Niliona jinsi walivyokuwa kimya, nikakisoma kimya kile kama nilivyotaka.

Basi likaja neno langu. Ilikuwa Idi, katika ukumbi wa kukodi, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na watoto wetu wakijibizana kwa Kiingereza katikati. Mtu mmoja alikuwa akimsifu Mwalimu, kuwa amewapa leseni wake za watu mpaka waume wanaona haya. Nikasema, tena kwa sauti ya utani, "Muulizeni gari lake huwa analizimia wapi." Watu walicheka. Nilicheka nao. Mwalimu alikuwa kwenye foleni ya chakula, hatua kumi, anashika sahani yake kwa mikono miwili.

Mwezi haukuisha, waume watatu wakawatoa wake zao kwake. Wa nne alisema mkewe ataendelea lakini yeye atakaa kiti cha nyuma. Baada ya hapo nikawa nasikia Mwalimu ana wanafunzi vijana tu, wa kiume, wenye haraka, na kahawa inamwagika kila siku. Mke wangu alipopata habari ya neno langu, hakugomba. Alihama kulala, wiki nzima alilala kwenye kochi la sebuleni, na aliporudi hakutaja. Mimi nilifaulu katika mtihani wa tatu, nikiwa nafundishwa na Mwingereza aliyesikiliza mpira redioni. Niling'oa herufi zangu nyekundu peke yangu. Nilipokutana na Mwalimu njiani alinipa mkono, akasema, "Mabruki, bwana," na akaniuliza habari za nyumbani, kama anavyouliza mtu yeyote.

Nilianza kumkwepa. Mtu uliyemkosea akikusalimia vizuri, njia inakuwa nyembamba. Nilijua duka analonunua nyama na saa anayonunua, nikanunua yangu kwingine. Miaka kumi ilikwenda hivyo.

Kisha nikasikia kwamba macho yake yameharibika, na kwamba leseni yake ameirudisha mwenyewe kwa posta kabla daktari hajamshauri. Aliyoipata kwa mitihani minne, aliitia kwenye bahasha akaipeleka kwa miguu. Gari limeuzwa. Nilinunua mkate wa ufuta, ambao kila mtu alijua ndio zawadi yake, nikapanda ghorofa tatu mpaka kwake. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia nyumbani kwake. Chumba kimoja, safi, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali, na ukutani hamna picha hata moja ya kwetu, ambapo nilitarajia ukuta mzima. Alinitazama kwa upande, kwa pembe ya jicho iliyobaki na nuru.

"Bwana mwandishi," alisema. "Mwanangu hajambo?"

Hata hapo, mzee haoni, chumba kinanuka dawa ya macho, neno lile lilinichoma.

Nilimwambia hajambo. Alitia kahawa kwa kupima kwa kidole ukingoni mwa kikombe. Tulizungumza barabara zilizofungwa, mabasi yaliyobadilishwa, bibi wa Neasden aliyefariki. Kisha nikasema lile nililolijia, kuwa nilisema neno baya juu yake, ile Idi.

"Nililisikia," alisema. "Lilinifikia kabla ya pilau."

"Mbona hukunijibu?"

"Ningekujibu ungeuliza, basi mlikuwa mkisema nini. Na mie sikuwa na ruhusa."

"Mlikuwa mkisema nini, Mwalimu?"

Aliuliza mwaka gani huu, kama kwamba anapima. Kisha akasema gari limeshauzwa, hakuna tena la kuficha ndani yake.

"Hakuna," alisema. "Hatukuwa tukisema kitu. Siku ya kwanza kabisa aliniomba. Alisema, Mwalimu, ukimaliza kunisomesha, niachie dakika kumi nisiseme na nisisemeshwe. Nyumbani kwangu nikisema neno kesho nalikuta kwenye karatasi. Naogopa hata kusifu mchuzi. Nikamwambia hewala. Tukawa tunaegesha pale ukutani. Yeye anatazama mbele, na mie natazama mbele. Dakika kumi zikiisha anasema, haya Mwalimu, anawasha."

Nilikaa na kikombe mkononi. Niliuliza, kwa sauti ambayo haikuwa nzuri, kwa nini hakuniambia mimi mumewe.

Mwalimu alicheka, kicheko kidogo cha puani, cha kwanza nilichowahi kukisikia kwake. "Angekwambia, bwana, ungeandika."

Nilimwomba radhi kwa wale waume watatu, na yule wa nne. Alisema yule wa nne hana neno, alijifunza kuendesha hapo hapo kiti cha nyuma. Kisha aliniomba nimsindikize chini, apate jua kidogo. Kwenye ngazi nilimtolea mkono akaukataa, akashika ukuta. Nilimwacha kwenye benchi mbele ya duka la magazeti, watu wameshaanza kumjia.

Nilirudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Nilikuwa dirishani gari letu lilipokuja. Mke wangu aliegesha kwa mara moja, sambamba na ukingo, taa zikazimika. Hakushuka. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea kiti, mikono mapajani. Miaka yote nilikuwa nikirudi baada yake, na sikujua kama hilo lilikuwa jambo la kila siku au la siku ile tu. Miguu yangu ilitaka kushuka ngazi. Nilitaka kumgongea kioo, nimwambie najua, nimuulize anawaza nini. Wivu ulikuwepo, ule ule. Niliuonea wivu ukimya wa gari.

Nilibaki dirishani, kisha nikaona hata dirishani si haki, nikaingia jikoni, nikaondoa karatasi mezani, nikabandika chai.

Alipanda. Alivua viatu, akakaa, akanusa mkate wa ufuta kwenye nguo zangu, akajua nimetoka wapi. Akanitazama. Akaniambia jambo moja, refu kidogo, ambalo hakuwahi kuniambia.

Sikuliandika.